Ukuta wa Nyuma ya Wahenga

Wifi yangu Hsiu-chu hajawahi kulala nje ya nyumba hii tangu baba yake alipoinunua, isipokuwa zile siku alizolala hospitalini kando ya kitanda cha mama yake. Watu wa mtaa wetu hapa Keelung wanamwita bibi wa miavuli. Ujanani alishona vitambaa vya miavuli kiwandani, na mpaka leo mwavuli ukivunjika mbavu mtaani utaletwa kwake, ghorofa ya nne, na yeye atautengeneza huku akimsema mwenyewe kwa kuufungua vibaya.

Aliposwa mara moja, na fundi wa redio wa meli. Baba mkwe wangu alisema mtu wa meli si mtu wa nyumba, na mambo yakaishia hapo. Kisha mama mkwe akapooza, na Hsiu-chu akaacha kiwanda. Mimi nilikuwa nikifundisha lugha ya kale katika shule ya wasichana. Nilitoka asubuhi, na niliporudi nilikuta mgonjwa amegeuzwa, mwanangu ameogeshwa na uji wa mchele uko mezani. Nayaandika haya kwa sababu wako wanaosema kwamba aliishi kwetu kwa hisani. Katika nyumba yetu, ya ukoo wa Kang, hakuna aliyemfanyia hisani. Kama ni hisani, ilitoka kwake.

Mume wangu alipofariki tulibaki wawili. Kisha magoti yangu yakakataa ngazi. Jengo letu halina lifti, na ikafika mahali nikawa nashuka kwa ajili ya kwenda kwa daktari tu, na daktari akiniambia nisipande ngazi. Mwanangu Po-hsun, anayeishi Taichung, alisema hakuna njia nyingine, tuuze nyumba, mimi nihamie kwake. Hakusema lolote juu ya shangazi yake. Siku nyingine alipiga simu na kunieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma, kwamba kuna makazi ya wazee ya watawa wa Kibudha, pale mlimani juu ya bandari, safi, chakula bila nyama, na wanawake wasio na watoto wakifa wanawekewa vibao vyenye majina yao pamoja kwenye rafu moja na kuchomewa udi.

Nilimwuliza kama anakumbuka mgongo uliombeba utotoni.

"Nakumbuka, Mama," alisema. "Lakini chumba ni kimoja."

Kwetu mwanamke akifa, kibao chake kinawekwa kwenye meza ya wahenga ya ukoo wa mumewe. Asiye na mume hana meza, hata ile ya baba yake, labda wenye nyumba waamue kwamba naye ni wao na wazibe masikio wasisikie ya watu. Asiyewekwa popote huhesabiwa miongoni mwa wale tunaowaita ndugu wema, mizimu isiyo na kwao, wanaolishwa barabarani mwezi wa saba, mji mzima ukitoa vyakula nje ili wale waende zao. Hsiu-chu amepanga meza hiyo ya nje kila mwaka kwa mikono yake. Niliwahi kumsikia akiwaambia, huku akiweka mabakuli, "Kuleni vizuri, msije mkaniona mchoyo nitakapokuja kwenu." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani, ingawa sisi sote tulizungumza juu ya rangi na vigae.

Dalali, Bwana Chiu, alipita chumba kwa chumba akiwa na viatu vyake mkononi. Alisema vigae vya bafuni vibadilishwe, taa ziwe nyeupe, na kizimba cha chuma kilichofunika dirisha la sebuleni king'olewe, kwa kuwa wanunuzi wa siku hizi hawapendi kujiona wamefungwa. Alitaka nyumba iuzwe kabla ya mwezi wa saba, maana mwezi ule hakuna mtu anayenunua wala kuhama. Mwisho akasimama mbele ya meza ya wahenga, akainama kwa heshima, kisha akachungulia nyuma yake.

Ukuta wa pale una ugonjwa ambao huku kila mtu anaujua: saratani ya ukuta. Mvua ya Keelung huingia ndani ya saruji, na chumvi yake hutoka upande wa pili kama unga, ikaisukuma rangi mpaka ikabanduka. Ukiukwangua, unarudi. Fundi Liao, tuliyemwita kupaka rangi, aliugonga kwa kidole na vumbi likamdondokea kwenye kiatu.

"Mwalimu, ukuta huu una afya kuliko mimi," alisema. "Kila mwaka unanenepa."

Alieleza kwamba dawa yake ni kushughulikia ukuta wa nje, kuanzia paa la jengo hadi chini, na hilo linahitaji majirani wa ghorofa zote wakubaliane. Majirani wetu hawajakubaliana hata juu ya taa ya ngazini. Tukikwangua upande wetu na kupaka dawa na rangi, utakuwa mweupe kwa msimu mmoja. Bwana Chiu alisema msimu mmoja unatosha.

Kizimba kiling'olewa kwanza. Baba mkwe alikiweka zamani, kwa hofu ya wezi, na Hsiu-chu alikuwa amekijaza vyungu vya maua na vitunguu vya majani. Mafundi walipoondoka, dirisha lilikuwa wazi mpaka chini barabarani. Nilidhani Hsiu-chu atafurahia upepo. Alivuta kiti chake mpaka kwenye kona ya mbali, akakaa akiutazama uwazi ule kama mtu aliyefunguliwa mlango wa ndege angani, na vyungu vyake amevizungushia miguuni.

"Wifi, wewe mwenye elimu," aliniuliza, "sasa nani atamzuia mwizi, na nani atanizuia mimi?"

Nilimwambia ni mwanga tu, atauzoea. Hakuuzoea.

Ikabaki meza ya wahenga. Haiwezekani kukwangua ukuta meza ikiwa palepale, na chetezo cha wahenga hakiguswi bila kuwauliza wenyewe. Po-hsun alikuja kutoka Taichung kuwachukua babu na bibi yake, yaani vibao vyao. Mkewe alikuwa amewaandalia mahali pazuri karibu na dirisha, kwenye jengo lenye lifti mbili. Tulichoma udi, tukapanga machungwa na keki za mchele, na Po-hsun akashika vile vipande viwili vya mbao vilivyochongwa kama mwezi mwandamo. Vikianguka kimoja chali na kingine kifudifudi, wamekubali. Vyote chali, wanacheka, na inabidi uulize tena. Vyote kifudifudi, wamekataa. Kwa jambo kubwa kama kuhama, wakubali mara tatu mfululizo.

Po-hsun aliuliza kama wako tayari kwenda Taichung. Walikataa. Aliuliza kama siku ni mbaya, wakacheka. Akauliza kama ni upande wa dirisha, kama ni chakula, kama wanataka gari la polepole. Ndivyo inavyofanyika: unapapasa, swali baada ya swali, mpaka uguse linalowauma. Mimi siyaamini sana mambo ya mbao, nilisomeshwa nisiyaamini. Lakini nilisimama pale nikilijua swali lililobaki, kama wanataka binti yao aende nao, na niliona kwenye shingo ya mwanangu kwamba naye analijua. Akiliuliza na wakakubali, atarudi kwa mkewe na mtu wa ziada. Wakikataa, wazazi watakuwa wamemfukuza binti yao mbele yake. Hivyo aliuliza juu ya barabara. Wakacheka.

Hsiu-chu alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye aproni. Alimnyang'anya mpwa wake vile vipande, taratibu, kama anavyochukua mwavuli kwa mtu asiyejua kuufunga, akapiga magoti.

"Baba, Mama, ni mimi. Mimi nakwenda kwa watawa mlimani, nimeshapapenda, msinisubiri. Watoto wanawahitaji Taichung. Mkubali kwenda."

Hakuwa amefika huko mlimani hata siku moja.

Vipande vikaanguka kimoja chali, kimoja kifudifudi. Akarusha tena. Wakakubali. Akarusha mara ya mwisho, na kabla havijatulia sakafuni nilikuwa nimeomba, mimi nisiyeamini, viangukie upande mwingine. Havikuangukia.

Po-hsun alimwinamia shangazi yake mpaka chini na hakuweza kumtazama. Wahenga wakishakubali mara tatu, hawaulizwi tena, ni kuwatukana. Ningesema nini? Kwamba wamekosea? Nilikuwa nimefungwa na mbao mbili. Tukavifunika vibao kwa kitambaa chekundu, Po-hsun akashuka ngazi navyo huku amevifungulia mwavuli mweusi, akiwaambia kwa sauti kila walipofika kwenye kona, "Babu, Bibi, tunakata kushoto. Shikeni vizuri."

Fundi Liao alikwangua, akapaka dawa, akapaka rangi. Ukuta ulikuwa mweupe kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona katika nyumba hii. Hsiu-chu alipanga nguo zake kwenye sanduku moja na bado likabaki na nafasi.

Mnunuzi alikuja na Bwana Chiu siku ya mvua. Aliitwa Bi Shen, muuguzi, mwanamke mtulivu mwenye mimba kubwa. Alipenda bafu, alipenda mwanga. Alisimama dirishani kwa muda, mkono tumboni, akauliza kama palikuwa na kizimba na kama kinaweza kurudishwa, kwa ajili ya mtoto. Bwana Chiu akasema kila kitu kinawezekana. Hsiu-chu, kwenye kona yake, alitazama vyungu vyake. Kisha Bi Shen akauegemea ukuta mweupe na kuniuliza mimi, si dalali, kama umewahi kuvuja.

Bwana Chiu alianza kukohoa. Nilifikiri juu ya ngazi, na magoti yangu, na kile chumba kimoja. Nilifikiri pia yatakayosemwa sokoni: Kang wameuza nyumba, binti yao wamemwacha mlimani, na mama mjamzito wamemwuzia ukuta uliopakwa poda.

"Una saratani," nilisema. "Nyuma ya rangi hii upo vilevile. Ukifika mwakani utauona, na mtoto wako ataivuta chumvi yake."

Bi Shen alinishukuru. Alitoa mkono wake ukutani, akakitazama kiganja, akasema atazungumza na mumewe. Tulijua sote kwamba amekwenda.

Dalali aliniuliza mlangoni kwa adabu kubwa kwa nini nimefanya vile. Nilimjibu kwamba ukoo wa Kang hauuzi ukuta mgonjwa. Hakuna neno la uongo katika jibu hilo. Alivaa viatu vyake bila kufunga kamba. Po-hsun alipopiga simu nilimwambia vivyo hivyo. Akasema basi tutajaribu tena mwezi wa nane, na makazi ya watawa yamekubali kumshikia shangazi nafasi.

Sasa ni mwezi wa saba. Ngoma zinapigwa bandarini na meza ziko barabarani. Wahenga wako Taichung, wanapanda lifti. Sisi tumebaki, mimi na magoti yangu, yeye na kona yake. Tuliweka meza yetu ya nje. Yaani yeye aliishusha, ngazi baada ya ngazi, na mimi niliitazama kutoka dirishani nikiwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili. Sanduku lake liko bado nyuma ya mlango. Hajalifungua, na mimi sijamwambia alifungue.

Asubuhi ya leo alinionyesha pale ilipokuwa meza ya wahenga. Rangi imevimba, ukubwa wa kiganja. Alileta kisu cha jikoni na beseni, mimi nikashika beseni, yeye akakwangua.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "mwezi wa nane atakuja mnunuzi mwingine."

Nilimwambia na ukuta utakuwepo.