Raheli Hakufunika Seva

Raheli alizaliwa Nanyamba, shambani kwa baba yake, penye mihogo na mikorosho. Nilimuoa nikiwa kuli bandarini. Mimi naitwa Kasiani. Kusoma kwangu ni kwa kisomo cha watu wazima, naunga herufi moja moja, kwa hiyo haya hayatakuwa marefu. Mke wangu kafariki mwezi wa kumi na moja. Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Kwa miaka ishirini na miwili alifanya usafi kwenye kampuni ya maghala ya korosho, hapa Mtwara mjini. Alitoka nyumbani kwetu Naliendele kabla jua halijachomoza. Alikuwa msemaji kuliko mimi. Nilikuwa naijua ofisi ile yote bila kuingia, kwa sababu yake.

Kilikuwepo chumba cha baridi. Ndani yake kompyuta kubwa kumi na moja, wanaziita seva. Moja ya mizani, moja ya stakabadhi za wakulima, moja ya barua, na nyingine sijui za nini. Hazina kioo, hazina pa kubonyeza, zinanguruma tu mchana na usiku. Raheli alizifuta vumbi la magunia kwa kitambaa kikavu. Alizijua kwa sauti. Siku moja alimwambia fundi wa kompyuta, kijana anaitwa Erasto:

"Mwanangu, ya tano inakohoa."

Erasto akacheka. "Mama, mashine haina kifua."

Baada ya siku nne ya tano ikafa, wakaleta nyingine. Toka hapo Erasto alikuwa anamuuliza kila asubuhi: "Mama Raheli, wagonjwa wetu wameamkaje?"

Mwezi wa sita mwaka jana wakaleta mashine moja mpya. Erasto akazihamishia zile kumi na moja ndani ya hiyo moja. Raheli alirudi nyumbani hajaelewa.

"Anasema zote zimo mle, kila moja inajiona iko peke yake. Kama wapangaji nyumba moja, hawaonani."

Nikamuuliza, na hizo za zamani?

"Zipo koridoni. Anasema hizo ni maganda. Eti sasa tuna wingu letu wenyewe."

"Wingu ndani ya chumba?"

"Ndivyo alivyosema, baba. Usinicheke mimi, kamcheke yeye."

Hakuamini. Mtu aliyefuta vitu kumi na moja miaka yote hiyo huwezi kumwambia vimekuwa kimoja akakubali siku hiyo hiyo. Aliona watazirudisha tu. Basi akawa anazifuta zile za koridoni kila siku, kisha anazifunika kwa kanga yake kuukuu, vumbi lisiingie. Miezi minne. Erasto alikuwa anapita pale anaona kanga. Alijua inafunika nini.

Mwezi wa kumi ukafika, msimu wa mnada. Malori yalijipanga kutoka getini mpaka barabara kuu. Jumatatu asubuhi vitu vyote vikasimama kwa mpigo mmoja. Mizani, stakabadhi, barua, vyote. Wakulima wamekaa juu ya magunia wanatukana. Meneja, Joshua, akatoka ofisini anakimbia. Akakutana na Raheli anatoka kufagia chumba cha baridi, kanga mkononi, anakwenda nayo koridoni kama kawaida yake.

Wakakusanywa uani wafanyakazi wote. Joshua akaishika ile kanga akaiinua juu.

"Raheli ameifunika seva. Imekosa hewa, imezimika. Huyu Raheli ndiye anayewalaza wakulima getini. Raheli, hapa kazi huna tena."

Mara tatu alimtaja jina. Raheli akamgeukia Erasto.

"Mwanangu, waambie nafunikaga nini."

Erasto akatazama viatu vyake.

Hayo alinisimulia mwenyewe, na yalikuwa maneno yake ya mwisho marefu. Baada ya hapo alikuwa anajibu tu ukimuuliza. Sokoni watu wakaanza kumwita Mama Kanga. Mwanamke mmoja muuza dagaa akamwambia, "Usije ukanifunikia na beseni langu." Watu wakacheka. Raheli akaacha kwenda sokoni, nikawa naenda mimi. Wiki ya tatu akaanguka mlangoni, ndoo mkononi. Sisemi wamemuua. Presha alikuwa nayo. Nasema alikufa akiitwa hivyo.

Matanga hayajaisha akaja Rukia, yule binti wa mapokezi pale ofisini. Alisubiri watu wapungue ndipo akakaa karibu yangu.

"Babu, kuna kitu kinanichoma. Wiki ile ile mashine iliposimama walikuja mafundi kutoka Dar. Walimgombeza Erasto mlango wazi, nikasikia. Halikuwa joto. Zilikuwa picha."

"Picha za nini?"

Akanieleza taratibu. Fundi akitaka kubadilisha kitu, kwanza anaipiga ile mashine picha, si ya sura, ya kila kilichomo ndani. Akiharibu, anairudisha ilivyokuwa. Asipoharibu, anaifuta. Erasto alizipiga picha zote kumi na moja mwezi wa sita na hakufuta hata moja. Picha hizo zinaongezeka zenyewe kila siku kazi ikifanyika. Zikala nafasi mpaka ikaisha, na kwa kuwa wote wako nyumba moja, wakakosa pumzi wote pamoja.

"Meneja anajua?"

"Alikuwepo, babu."

Maana yake walijua Raheli angali hai. Wiki mbili nzima walijua. Naliendele si mbali.

Nilienda ofisini siku ya pili baada ya kuanua matanga. Joshua akanikaribisha kiti, akaniita mzee wangu. Akasema kampuni imeguswa sana. Ameandaa barua ya kumsafisha marehemu, na magunia mawili ya mchele.

"Barua ataisoma nani?"

"Utabaki nayo wewe, mzee wangu. Ni ya kumbukumbu."

"Mke wangu hukumsema kwa barua. Ulimsema uani, watu wamesimama. Msafishe palepale, kwa mdomo, na aseme yule aliyenyamaza."

"Hilo gumu kidogo. Tuna taratibu."

"Basi mimi nakaa."

Nikakaa kwenye benchi la mapokezi. Kesho nikaja tena, na kesho yake tena. Wateja wakawa wananiuliza kama nimehudumiwa, nawajibu bado. Joshua akawa anaingilia mlango wa nyuma. Siku ya nne, Ijumaa, akaja kusimama mbele yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Jumatatu, mzee. Uje Jumatatu."

Jumatatu nikaja. Wakasimama uani kama siku ile. Makuli walikuwepo, mlinzi, Rukia, watu wa mizani. Erasto akasogea mbele, amekonda.

"Ndugu zangu, mwezi wa kumi tulipata changamoto ya kiufundi..."

"Changamoto ina jina?" nikasema.

Joshua akanishika bega. "Mzee, mwache amalize."

"Nitolee mkono. Raheli mlimtaja jina. Na huyu ajitaje."

Erasto akaanza upya.

"Ni mimi. Mama Raheli hakufunika seva. Alikuwa anafunika zile za koridoni, nilikuwa namwona kila siku. Mimi nilipiga picha za mashine nikasahau kuzifuta, zikajaza nafasi. Siku ile sikujua kosa ni langu, lakini nilijua si lake. Nikanyamaza."

Kuli mmoja akaropoka, "Kumbe picha! Ulikuwa na harusi humo ndani?" Wengine wakaanza kucheka, Rukia akawakata: "Mnacheka nini? Na nyie mlimwita Mama Kanga!"

Nikamgeukia Joshua. "Na wewe ulijua lini?"

Watu wote wakamtazama.

"Marehemu alikuwa bado yupo," akasema.

Nilichokuja kutafuta nikawa nimekipata. Nilidhani kifua kitalegea. Hakikulegea.

Erasto akaja, akapiga magoti kwenye vumbi. "Babu, nisamehe. Yule alikuwa kama mama yangu."

"Uliyemkosea humpati tena," nikamwambia. "Mimi sikutumwa kumsemea. Inuka, unachafua suruali."

Mchele sikuuchukua. Getini mlinzi akaniamkia shikamoo, nikampita na hasira yangu. Kijana yule hana kosa, na Raheli alimpenda. Nilimwitikia nilipokwisha fika barabarani, na kwa umbali ule asingeweza kunisikia.