Mashimo ya Panya Ukingoni mwa Korongo

Nikiwa mtoto pale Msamala, Songea, hakuna kitu nilichokiogopa kama korongo la nyuma ya jiko letu. Kila msimu wa mvua lilizidi kupanuka. Mwaka mmoja lilimeza migomba, mwaka mwingine likala njia ya kisimani. Bibi, mama yake baba, alisema chini yake limelala joka, na ardhi humomonyoka likijigeuza. Alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, lakini kwa joka lile hakuwa na utani. Alikataza jambo moja tu: mtu asichimbe panya ukingoni, maana jembe likiligusa mgongoni litaamka.

Lakini watu wa kwetu, kwa panya wa porini hutuambii kitu. Kiangazi kikikolea na nyasi zikishachomwa, baba mdogo alishinda na jembe lake akifuata mashimo. Mwaka ule alipowakosa kwingine, alichimba ukingoni kulekule, akarudi na panya wanono. Bibi hakuwagusa. Mimi nilikula huku nimetega sikio nje.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana, baba mdogo akiwa sokoni. Maji yalijaa kwenye yale mashimo, kisha tukasikia mngurumo ukitoka ardhini. Bibi alichota unga wa mahindi kwenye kisahani, akatoka kwenda kulituliza joka. Nilimfuata nikilia. Alisimama ukingoni kabisa, akaumimina ule unga huku akisema maneno ya Kingoni taratibu. Ndipo nikaona ufa ukifunguka nyuma ya visigino vyake, mwembamba, maji yakizama humo. Kipande alichosimamia kilikuwa kinaondoka naye.

Nilimkimbilia. Nikaikamata kanga yake, nikavuta kwa nguvu zote, tukaanguka matopeni upande wa nyumba. Pale alipokuwa amesimama pakadidimia, na nusu ya jiko ikafuata.

Bibi alinishika mkono.

"Halikutaka unga," aliniambia kwa sauti ndogo. "Mjukuu wangu, sijui linataka nini."

Leo najua yalikuwa maji. Yalipenya kwenye mashimo, yakalainisha udongo kutoka chini, ukingo ukakosa pa kujishikiza. Kwa hiyo kuhusu panya bibi alikuwa sahihi kabisa, na hata baba mdogo alikubali, akapanda matete pale pote alipochimba. Ila hofu iliyobaki nami haihusiani sana na joka. Bibi alikuwa na jibu la kila kitu, la homa, la radi, la ndoto mbaya, na mimi niliishi kwa raha chini ya majibu yake. Siku ile nilimsikia akisema hajui.

Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, yeye upande wa mlango, mimi ukutani. Usiku ule tulipokwenda kulala nilimwomba tubadilishane. Akasogea ukutani, nami nikalala upande wa mlango.