Betri Niliyoshindwa Kuiaga

Kwa miaka mitatu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliishi ndani ya urefu wa mpira mmoja. Mpira ule mwembamba ulitoka kwenye mashine ya oksijeni, ukapita juu ya masikio yake na kuishia puani. Ulimfikisha kitandani, ulimfikisha mezani, na ukinyooshwa vizuri ulimfikisha kwenye ngazi ya baraza ya nyumba yetu hapa Nyahanga. Hapo alikaa asubuhi, akawasalimia wapita njia, akarudi ndani.

Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la mawe. Alianza kutoboa miamba kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Geita akiwa bado hajaota ndevu vizuri. Wakati ule walitoboa pakavu, bila maji wala kitambaa puani, na jioni walitoka shimoni weupe kama watu waliotoka mashineni kusaga unga. Dhahabu aliyoipata aliigeuza ng'ombe. Ng'ombe walibaki kwa mwanawe mkubwa, mbele ya Bugarama, na yeye akaletwa kwetu kwa sababu kwetu kuna umeme na mashine ile haiendi bila umeme. Umeme ukikatika tulifungua mtungi wa oksijeni uliosimama kona ya chumba, ambao ulimtosha saa mbili tu.

Siku moja ya kiangazi tulikuwa tunakula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Akasema bila kuniangalia:

"Shemeji, nataka kuona ng'ombe wakinywa maji."

"Ng'ombe gani?"

"Wangu. Wewe wa kwako si yule mmoja wa kwenye pango la Krismasi?"

Mke wangu hakucheka. "Kule hakuna umeme. Utapumua nini, vumbi?"

"Vumbi nilishapumua, dada. Lilinitosha."

Nilimjua mtu huyu kwa miaka zaidi ya arobaini na sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Usiku ule nilisali rozari yangu nikiwa na jambo moja tu moyoni.

Gari nilikuwa nalo. Nimekuwa katekista maisha yangu yote, na vigango nilivyohudumia, makanisa madogo ya vijijini, viko mbali. Kwanza nilivizungukia kwa baiskeli. Baadaye nikapata kibasi kikuukuu, nikang'oa viti, seremala akanitengenezea kitanda, kabati na sanduku la jiko la gesi, na mke wangu akashona mapazia. Tulilala humo kila tulipokwenda, maana tulijua kwamba tukiomba pa kulala, watu wangetupa kitanda chao cha pekee na wao wangelala chini. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na betri moja ya maji, ya kuwashia taa na kipaza sauti.

Mjini kuna fundi mwanamke, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, aliyejifunza umeme kwenye pampu za kuvuta maji mashimoni. Alikuja, akatusalimia shikamoo, kisha akaipindua mashine ya shemeji na kusoma kibandiko cha nyuma.

"Wati mia tatu na hamsini. Na haipumziki?"

"Haipumziki," nikasema.

"Basi hiyo betri yako ya maji haimfikishi hata njia panda. Ukiitumia zaidi ya nusu unaiua. Tufunge ya lithiamu, hiyo inatoa karibu yote iliyonayo."

Shemeji akauza dume mmoja na fundi akaanza kazi. Alifanya siku nne. Alifunga betri mpya, nyepesi kuliko ya zamani ingawa nguvu yake ilizidi mara nyingi. Alifunga inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, chaja ya kuchukua umeme wa injini gari likitembea, na paneli ya sola juu ya paa. Waya zangu za zamani alizivuta zote akazitupa chini, akisema hizo ni za spika, si za kubeba roho ya mtu. Zake zilikuwa nene kama kidole gumba, na fyuzi aliiweka shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Ukutani, karibu na mto wa kulalia, aliweka mita ndogo inayoonyesha asilimia iliyobaki.

"Mkiwa barabarani, kinachoingia kinalingana na kinachotoka," alitueleza. "Mkizima gari, mna saa sita. Na mtungi mnaubeba, msiuache."

Ile ya zamani aliitoa nje, akasema imeshamaliza kazi.

Hapo ndipo nilipokosea, na nitaeleza nilivyokosea.

Betri ile ilinunuliwa na akina mama wa kigango kimoja kidogo. Walilima karanga kwa pamoja msimu mzima. Jumapili ya mavuno waliifunika kwa kitenge kipya, wanne wakaibeba kwenye machela, wakaileta altareni wakati wa matoleo kwa vigelegele, ikifuata nyuma ya kuku na mahindi. Padre aliinyunyizia maji ya baraka. Kwa miaka kumi ilibeba sauti yangu kwa watu waliokaa mbali chini ya jua. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi ovyo. Nilifundishwa hivyo chuoni, na nimewafundisha hivyo watoto wa komunyo ya kwanza. Sasa ilikuwa imekaa kwenye vumbi la uani na kuku wanaipanda.

Tena niliwaza, kama mpya ina saa sita, hii hata ikiongeza moja tu, ni saa moja ya pumzi ya shemeji. Ijumaa alasiri, mke wangu akiwa sokoni, nilizisafisha ncha zake kwa maji ya moto, nikazipaka grisi, nikairudisha chini ya kitanda na kuiunga na mpya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Fundi hakuwa amenikataza. Nadhani haikumjia akilini kwamba katekista angeshika spana. Sikumwambia mtu. Nilijisikia vizuri, kama mtu aliyemrudisha mzee mwenzake mezani.

Jumamosi tulifanya majaribio hapo uani, gari likiwa limezimwa na paneli imefunikwa turubai ili tujue nguvu ya betri peke yake. Shemeji aliingia saa mbili asubuhi, akalala kitandani, mashine ikaanza kuunguruma miguuni pake. Fundi alikaa kidogo, akaona kila kitu kinakwenda, akaenda kwenye kazi nyingine. Saa tano na nusu inveta ililia mara tatu na mashine ikanyamaza. Mita ilikuwa inasema bado karibu nusu.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliufungua mtungi, akahamisha mpira, akamwinua mdogo wake kwa mgongo. Lakini midomo ya shemeji ilikuwa imeshakuwa na rangi ya majivu, na ilichukua muda kurudi. Nilisimama mlangoni, simu mkononi, nikimpigia fundi. Tulimrudisha chumbani kabla fundi hajafika.

Alikuja kwa bodaboda. Aliinama chini ya kitanda, akavuta pumzi mara moja tu, akatoka haraka na kufungua milango yote.

"Kuna harufu ya mayai viza humu. Nani ameunga hii betri?"

Mke wangu akanigeukia.

"Nauliza, nani ameunga hii betri?"

"Mimi."

Aliikata, akaitoa kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto, ubavu umevimba. Akaiweka mbali, akaja kusimama mbele yangu akijifuta mikono.

"Baba katekista, ile shikamoo niliyokupa asubuhi naomba unirudishie."

"Una haki, mwanangu."

"Hii ndani imekufa upande mmoja. Inakunywa tu, kila inachokunywa inakigeuza joto. Imeinyonya mpya tangu jana. Na umeiunga kwenye ncha zenyewe, mahali ambapo mita haihesabu, ndiyo maana ikawadanganya. Sasa gesi inayotoka humu, na oksijeni ya mgonjwa, na chumba kimefungwa mapazia. Ingetokea cheche moja..." Hakumaliza. Alikwenda kunawa.

Kumbe mtu anaweza kutenda kosa kubwa huku akimshukuru Mungu. Sikulijua hilo vizuri kabla ya siku ile, ingawa nimefundisha amri kumi tangu ujana.

Fundi alipoipima betri mpya kwa kipimo chake ilisoma sifuri, nikadhani nimeiua. Alisema imejifunga yenyewe ili isiharibike, akaiamsha kwa chaja. Lakini mke wangu alikuwa ameshaamua. "Safari haipo," alisema, na siku zilizofuata aliniambia yaliyo ya lazima tu: chumvi imekwisha, mlango haujafungwa.

Nilikwenda kumwomba shemeji msamaha, nikakuta dada yake yuko naye.

"Shemeji," akasema kwa pumzi fupi fupi, "umenibatiza bila ridhaa mara ngapi kwa maneno? Sasa ukaona unipeleke mbinguni mwenyewe kabisa."

"Nisamehe."

"Dada, usimkasirikie. Alitaka kuniongezea saa."

"Angekuongezea kaburi," mke wangu akasema, akatoka.

Padre nilimweleza yote. Nilimuuliza pia nifanye nini na betri yenyewe, kwa sababu kitu cha baraka huchomwa au kuzikwa, na ile haichomeki, na kuizika ni kumwaga sumu kwenye udongo. Padre alinitazama kwa upole. Aliniambia akina mama wale walimtolea Mungu, na Mungu alishapokea, miaka kumi iliyopita. Kilichobaki ni madini ya risasi na plastiki. Niliipeleka mwenyewe kwa mnunuzi wa chakavu. Nilisimama hadi alipoiweka juu ya mizani, nikavua kofia.

Kuhusu safari sikusema neno. Mke wangu akiombwa sana hufunga moyo, akiachwa hufikiri. Shemeji naye hakusema, ila alikaa muda mrefu zaidi kwenye ngazi ya baraza, akiangalia upande magari yanakotokea. Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja mke wangu alitoka sebuleni ameshika saa ya ukutani kifuani.

"Mwite fundi wako aikague tena. Nitakaa humo ndani mwenyewe. Na wewe usiguse kitu."

Fundi akakagua kila kiungo. Saa mbili asubuhi mke wangu akaingia garini na mdogo wake, saa ameiegemeza kwenye kabati, sinia la mchele mapajani. Alichambua mchele ule hadi nadhani hakuna mchele uliowahi kuwa safi namna hiyo. Mimi nilikaa nje kwenye kigoda na rozari yangu. Ilipofika saa nane mchana mashine ilikuwa bado inaunguruma. Ilipita dakika ishirini zaidi ndipo inveta ikalia, na mtungi ulikuwa tayari.

Mke wangu alishuka, akanyoosha magoti. "Saa sita na kidogo. Basi gari likizimwa, mimi nakubali mbili. Dakika ya mia na ishirini tunawasha tunaondoka, hata kama mdogo wangu amekaa na mfalme."

"Mbili zinatosha," shemeji akaitikia kutoka ndani, haraka, kabla dada yake hajabadili mawazo.

Tuliondoka Jumatano baada ya misa ya asubuhi. Niliendesha polepole kama niliyebeba mayai. Nyuma nilisikia mashine, na sauti ya shemeji akimwonyesha dada yake kila kitu: pale alipolala njaa, pale alipouziwa baiskeli mbovu, pale palipokuwa msitu. Baada ya Bugarama barabara ikawa mbaya na vumbi likaanza, tukafunga madirisha. Tulifika lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, saa tano. Mwanawe alikuwa anatungoja.

"Mwadila, baba," akamsalimia kwa Kisukuma, akashika mguu wa baba yake uliokuwa unaning'inia mlangoni, akauacha mkono wake hapo.

Nilizima injini, maana moshi wake ulimkohoza. Mke wangu akatazama saa.

Ng'ombe hawakuwepo. Kiangazi kilikuwa kimekausha visima vya jirani, na mifugo ya vijiji vitatu ilikuwa inanywa lambo lile kwa zamu. Kundi la shemeji lilikuwa la nne. Mwanawe akakimbia kuomba zamu, akarudi anatikisa kichwa. Nusu saa ikapita, ikapita saa nzima. Makundi ya watu wengine yalishuka, yakanywa, yakapanda. Shemeji alikaa mlangoni na mpira wake puani, mikono magotini. Hakulalamika wala hakuuliza saa. Nami sikuthubutu kumwangalia mke wangu.

Zilibaki dakika kumi waliposhuka. Kwanza tulisikia kengele, kisha vumbi, kisha wakatokeza, wekundu, weusi, wa madoa, wakiharakia maji. Shemeji alipiga mluzi. Ulikuwa mluzi mdogo, wa mtu asiye na pumzi, lakini ng'ombe jike mmoja mzee alisimama, akageuza kichwa, akaacha maji na kuja garini. Akamnusa magoti. Shemeji akamkuna katikati ya pembe, akisema naye Kisukuma kwa sauti ya chini, maneno ambayo sikuyasikia na sikutakiwa kuyasikia. Nyuma yake wengine walikuwa wamezamisha midomo majini, na ulisikia tu ile sauti ya kunywa.

Baadaye akanigeukia, uso umelowa, akanishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja, shemeji. Haya, omba. Lakini fupi, muda wa dada umekwisha."

Nilivua kofia. Katika miaka yote ya undugu wetu hakuwahi kuniambia niombe. Nikasema, "Bwana, asante, amina," nikapanda kwenye usukani na kushika ufunguo.

"Baba," mke wangu akaniita kutoka ndani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ile mita, kidole juu ya kioo. "Sabini na mbili. Hiyo sola nayo inaingiza. Shuka uombe vizuri, hatuna haraka."

Nikashuka, nikaanza upya, nikaanza na ng'ombe.