Bendera Iliyolowa Kwenye Drifti

Usiku ule nililala na uongo wangu ukiwa tayari mdomoni. Asubuhi ningempigia Rehema simu, nikohoe kidogo, nimwambie kifua kimenibana na daktari kanikataza baridi. Hakuna daktari aliyenikataza kitu. Mimi ni mtu wa nyumbani tu. Mvua ya Iringa naipenda sana, ila nikiwa upande wa ndani wa dirisha.

Rehema ni binti wa rafiki yangu Chande. Kesho yake alikuwa anaingia kwenye mbio za magari, yeye akiwa msoma njia: anakaa pembeni ya dereva, kichwa kwenye karatasi, anamtajia kona kabla hazijafika. Sehemu mbaya kuliko zote ilikuwa pale kwenye drifti, mto mdogo unaopita juu ya zege la barabara, ambao mvua ikinyesha milimani unabadilika ghafla. Miaka yote aliyesimama pale na bendera ya njano alikuwa baba yake. Sasa hayupo. Jioni Rehema alikuja na bendera na mabuti ya marehemu, akaviweka mlangoni kwangu.

"Baba mdogo, wengine hawaujui ule mto. Wewe ulikuwa unamsindikiza."

Ni kweli nilikuwa namsindikiza. Nilikuwa nabaki ndani ya gari na chupa ya chai.

Chande hakufa kwa gari. Mtu aliyezeeka akisimama hatua chache tu kutoka kwenye magari yanayoruka, alikuja kufia kwenye kochi langu, tunatazama mpira, kikombe mkononi. Chai haikumwagika hata tone. Tangu siku ile nimekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, lakini hausikii kitu. Msibani watu walilia, mimi nikapanga viti. Na upande wake wa kochi hakuna anayeukalia. Sikumkataza mtu, ila hakuna anayeukalia.

Basi ndotoni naliona kochi lile. Liko kando ya drifti, kwenye nyasi, misonobari nyuma yake, mvua inalipiga, na Chande amekaa upande wake. Nguo zake kavu. Kikombe mkononi. Sikushangaa kumwona. Nilichojiuliza ni nani amelitoa kochi, maana mlango wetu mwembamba, siku ya kuliingiza ilibidi tuling'oe miguu.

"Mzee wa Kochi," akaniita, kama zamani. "Umechelewa."

"Mvua," nikasema.

"Nimeiona."

Akanionyesha mto kwa kidevu. Pale ukingoni kuna jiwe alilokuwa akilipaka chokaa kila mbio zikikaribia. Sheria yake ilikuwa moja: jiwe likizama, bendera inainuka, hakuna kusubiri simu wala kuuliza wakubwa. Njano maana yake mbele kuna hatari, dereva apunguze mwendo pale pale. Asipopunguza, gari likiyakuta maji yale kwa kasi linaelea kama sufuria, na pembeni ya zege ni korongo.

Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Yanalilamba jiwe. Nageuka kuangalia ng'ambo, na watu wa msibani wamekaa kule, kwenye viti vilevile nilivyovipanga mimi, khanga vichwani, wananitazama kama watazamaji waliowahi nafasi nzuri. Mke wangu anapita katikati yao na sinia la vikombe. Narudisha macho mtoni. Jiwe halipo.

Na gari nalisikia. Linakuja kwa kule kwenye misonobari, linabadilisha gia.

Nainua bendera, napunga. Napunga kwa nguvu zote. Hakuna kinachotokea. Natazama juu: kitambaa kimelowa, kimejiviringisha kwenye mti wake, kimenata. Nilichoshika ni fimbo. Mtu mzima na ndevu zangu, nimesimama kwenye mvua natikisa fimbo.

"Unaswaga mbuzi?" akauliza Chande.

"Chande, Rehema yumo mle."

"Najua aliyemo."

"Basi inuka. Njoo uishike wewe."

Akaniinulia kikombe. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, hakitikisiki.

"Mikono yangu ina kazi. Simama wewe."

"Si nimesimama?"

"Hujasimama. Umeegemea."

Kumbe kweli. Nyonga yangu iko kwenye mkono wa kochi, nimelala nusu, kama ninavyokaa kila siku. Nikajitoa. Mabuti yake yananipwaya, yameingia maji, kila mguu una kisima chake. Nikasimama.

Hapo akafungua koti lake kwa mkono mmoja. Ndani, kifuani, palepale moyo wake uliposimama, alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko bendera kavu, imekunjwa vizuri. Hakunipa. Alinionyesha tu, akafunga koti.

"Hivi ndivyo inavyokaa," akasema. "Hiyo yako ikamue. Dereva hatakuona wewe. Ataona rangi."

Nikaishusha, nikaikamua. Maji yakatoka, ya uvuguvugu, mengi kuliko kitambaa kile kinavyoweza kubeba. Nakamua, yanatoka. Nakamua, yanatoka. Taa za gari zinaonekana kati ya miti, na nyuma ya kioo naiona kofia ngumu ya Rehema imeinama, anasoma, hatazami mbele, hawezi kutazama, kazi yake ni kusoma. Naikung'uta bendera, inalia kama nguo inayoanikwa. Nainyanyua.

Kama ilifunguka, sijui. Niliamka.

Mikono yangu ilikuwa imelisokota shuka.

"Baba Tunu, hilo shuka langu," alisema mke wangu, Zuhura, toka gizani. "Unaniacha na baridi."

Kulikuwa kunapambazuka. Mvua ilikuwa juu ya bati, ileile.

"Uko sawa?"

Swali hilo nimeulizwa na mtaa mzima tangu mazishi, na jibu huwa linatoka lenyewe, niko sawa, kabla hata hawajamaliza. Safari hii halikutoka.

"Sijui," nikasema. "Tuna mfuko wa nailoni? Mkubwa."

"Nailoni si zimepigwa marufuku. Labda ile iliyofunika suti yako ya harusi. Ya nini?"

"Ya bendera. Isilowe kabla ya kazi."

Akawasha taa ili anione vizuri. "Wewe? Kwenye mvua hii? Ngoja nimwamshe Tunu aje ashuhudie."

Simu ikaita kabla hajaacha kucheka. Rehema.

"Baba mdogo, shikamoo. Unakuja?"

Kikohozi nilikuwa nacho, nimekiandaa vizuri. Nikakimeza.

"Marahaba. Nakuja. Mwambie dereva wako, akiona njano asijiulize mara mbili."

"Baba alikuwa anasema hivyo hivyo."

"Amesema tena," nikamwambia.

Zuhura akavua nailoni kwenye suti, tukaikunja bendera ndani, nikaiweka kifuani, nikafunga koti. Nikachukua mabuti mlangoni, nikatafuta pa kukaa niyavae. Nikakaa upande wa Chande. Kochi likabonyea pale pale alipokuwa amelibonyeza yeye. Nikavaa buti moja, nikavaa la pili, nikainuka bila kuegemea.