Mpaka wa Mchicha

Kilichoniaibisha si wali wala mandazi. Ni kiti. Kiti cha plastiki cha bluu, kimewekwa nyuma kabisa upande wa wanawake msikitini, jirani na rafu ya viatu. Nilikikalia miaka miwili kwa sababu ya magoti. Wenzangu wakisujudu, mimi nainama kidogo tu, nabaki huko juu natazama migongo ya watu. Kabla yangu alikikalia bibi mmoja wa miaka themanini na kitu. Alipofariki nikakirithi mimi, mwanamke wa miaka hamsini na moja. Hebu fikiria.

Nesi wa kliniki alinipima, akaniambia magoti yangu hayana ugonjwa, yamechoka kubeba. "Mama, upungue. Wali usizidi ngumi yako, nyama isizidi kiganja, na nusu ya sahani iwe mboga za majani." Nikamwonyesha ngumi. Mimi nauza vitenge sokoni Mwanjelwa, nimebeba majora ya nguo tangu usichana wangu, ngumi yangu si haba. Nesi akaitazama, akasema, "Basi nusu ngumi."

Nikamwuliza nitaweza kusujudu lini. Akanijibu nikijitahidi, kabla ya Ramadhani. Ilikuwa imebaki miezi saba. Nikatoka pale nimeapa kwamba Ramadhani hii kiti kitafute mrithi mwingine.

Sasa, nesi alisema sahani, na nyumbani kwangu hatuli kwenye sahani. Zipo kabatini, za wageni. Babu zangu walikuja huku Mbeya kutoka Pwani na biashara ya nguo, wakaacha mengi njiani, lakini sinia hawakuliacha. Watoto wetu wamekua wameondoka, tumebaki mimi na mume wangu, na bado tunakula sinia moja. Tumeliweka juu ya meza fupi kwa heshima ya magoti yangu, basi. Kila mtu anakula mbele yake. Lakini mbele yako inaishia wapi? Ukichota hapa, wali unateremka wenyewe kutoka kule kuja kujaza pengo.

Nikajenga mpaka. Nilipima ngumi yangu moja ya wali (hiyo nusu nilimwachia nesi), nikaizungushia mchicha pande zote. Mume wangu akanawa, akakaa, akatazama.

"Mama watoto, hii nini? Umejenga mpaka wa Tunduma?"

"Ndiyo. Na usivuke."

"Nigongewe muhuri kwanza?"

"Kula, mzee."

Akala. Lakini mume wangu si mtu wa maneno. Tangu tuoane hajawahi kuniambia neno tamu, si la asubuhi wala la jioni. Anachofanya, anatafuta kipande kizuri, kile chenye mfupa na mafuta kidogo, anakisukuma kwa vidole mpaka upande wangu, halafu anatazama dirishani kana kwamba kimetembea chenyewe. Nikikila, kinakuja kingine. Mpaka wangu ukageuka njia ya magendo. Na kumrudishia mtu nyama aliyokusogezea ni matusi, kwa hiyo nikala. Mwisho wa wiki nikapanda kwenye mizani ya jirani yangu sokoni, muuza mchele, ile ya kupimia magunia. Akasoma, akakohoa. Nilikuwa nimeongezeka kilo nzima.

Hasira zikanipanda. Nikafungua kabati, nikatoa sahani ya wageni, nikajipakulia kama nesi alivyosema. Mume wangu akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Nimekosa nini?"

Kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa au amenuna. Nikamwambia hajakosa kitu, ni magoti tu.

"Magoti hayali," akasema. Akala vitonge vichache, sinia kubwa lile, nusu yake ikabaki nyeupe.

Wiki ya tatu muuza mchele akatangaza kwamba nimepungua kilo tatu. "Ungekuwa mchele, mama, hii ni hasara kubwa." Nikacheka mpaka nyumbani. Mlangoni nikakuta tenga la nyanya, na juu ya kochi wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayeuza nyanya Ilula barabarani. Ametoka huko Iringa alfajiri, bila taarifa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mnaachana lini?"

"Astaghfirullahi! Nani kasema?"

"Mdogo wangu kanipigia simu. Yeye mwenyewe! Mtu ambaye hata msiba anatuma watu waniambie. Eti anakula kama mgane na mkewe yupo hai. Kakukosea nini?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anazikagua nyanya, moja moja. Basi nikalipuka. Nilisema yote, kwa sauti, nikiwa bado na mkoba begani.

"Nimechoka na kiti! Miaka miwili nimekaa na viatu vya watu! Nataka paji langu la uso liguse chini kwa hiari yangu, kabla hamjaja kunilaza huko moja kwa moja!"

Nikalia, tena kwa kwikwi. Mume wangu akaweka nyanya chini.

"Hukuniambia habari ya kiti."

"Nilikwambia magoti!"

"Magoti uliniambia. Kiti hukuniambia. Mimi niko upande wa wanaume, ningekuonaje?" Akajikuna shingo. "Sasa nisipokusogezea nyama, nikusogezee nini?"

"Msogezee mchicha, mwanaume wewe!" Wifi akadakia. "Na nyanya hizi. Sikupanda basi kuja kuzitazama."

Sahani ikarudi kabatini. Kuanzia mchana ule mume wangu alinisogezea mchicha, kachumbari, chainizi, kwa adabu ileile, na macho yaleyale dirishani. Ule mpaka wa mchicha sikuuhitaji tena. Nilikula majani kama mbuzi anayesubiri Idi. Sijifanyi malaika: mandazi ya saa nne pale sokoni yaliendelea muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini muuza mchele aliendelea kulalamika hasara, kilo baada ya kilo.

Siku mbili kabla ya Ramadhani nilitandika mswala chumbani, adhuhuri. Nilitaka kujaribu kwangu kwanza, nisije nikaaibika mbele za watu. Nikashika ukingo wa kitanda, goti moja, goti la pili, likalia kama mlango mbovu. Kisha paji la uso likagusa. Ya Rabi. Nilisikia harufu ya mswala wangu, niliyokuwa nimeisahau, na nikajua kwamba unahitaji kufuliwa. Nilikaa pale chini muda mrefu, nalia.

"Umekwama?" Mume wangu alikuwa mlangoni. Aliye kwenye sala hajibu, naye anajua, lakini akauliza mara ya pili.

Nilipotoka, chakula kilikuwa mezani. Upande wangu wa sinia, kando ya kachumbari, kulikuwa na kipande kimoja cha nyama, chenye mfupa, sawasawa na kiganja changu. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

Miaka ishirini na minane, sikuwahi kumsogezea yeye hata mara moja. Nikakisukuma kipande kile taratibu, kikapita juu ya wali mpaka kikasimama mbele yake. Akakitazama. Akakila chote, akatafuna mpaka mfupa, halafu akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Pilipili," akasema.

Kachumbari ile nilitengeneza mimi, na pilipili sikutia.