Ngoma ya Bure Kutoka Gando

Mimi siamini kitu cha bure. Sikuamini nilipokuwa msichana, na mume wangu, aliyeniposa kwa nyumba ya kaka yake akisema ni yake, ndiye aliyenimaliza kabisa. Nilirudi kwa baba, huku Chokocho, na talaka yangu na ulimi mkali. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba watu wa Gando wanakuja kutuchezea ngoma mpya, bila kualikwa, wala hawataki kulishwa wala kutunzwa, nilimwambia baba pale pale kwamba kuna jambo.

"Jambo gani?"

"Silijui. Lakini mtu hatoki Gando, akakipita kisiwa kizima, kuja kukupigia zumari kwa mapenzi."

Sikuwa peke yangu. Ilikuwa miaka ya vita, nguo zimeadimika na mchele umeadimika, na kila mtu alikuwa na dhana yake. Wengine walisema serikali inatafuta vijana wa kupeleka vitani, ngoma ni chambo tu. Siku yenyewe vijana watatu wa mtaani kwetu walishinda kichakani tangu asubuhi. Jirani yetu alishikilia kwamba wale ni wachawi, ndiyo maana hawali vyakula vya watu. Ngoma kwetu ilikuwa na taratibu zake: unaalika, unapika, unatunza, na mwakani unaalikwa wewe. Hii isiyodai kitu ilitutisha.

Mimi dhana yangu ilikuwa juu ya mdogo wangu.

Tulikuwa wawili tu, na mama yetu alikwisha kufariki. Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu akiwa mtoto, mguu ukaungwa vibaya, akabaki anachechemea. Uso wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, nasema bila kinyongo. Mwaka mmoja kabla ya ngoma ile, wanawake wawili wa Wambaa walipita kwetu kama wapita njia, wakaomba maji. Kila mtu kwetu alijua maana yake. Mwanamke mgeni akiomba maji katika nyumba yenye msichana, hana kiu; anataka msichana ainuke amwone anavyokwenda. Mdogo wangu akainuka, akaleta maji. Walikunywa nusu, wakashukuru, wakaenda zao, na posa haikuja. Siku tatu mdogo wangu alilala kaupa ukuta uso, nami nikaapa kwamba hakuna mwanamke mwingine atakayemwendesha vile, kama ng'ombe wa kuuzwa.

Watu wa Gando walifika baada ya sala ya alasiri, kwa gari la kubebea karafuu. Walishuka wanawake kumi na wawili wenye sare ya kanga moja, kila mmoja na mwavuli wake, na wanaume wenye ngoma tatu, tarumbeta iliyobonyea, na zumari. Lazima niseme kweli, sijapata kuona mchezo kama ule. Walijipanga safu mbili, wakaja wanakabiliana kwa hatua fupi za upande, miavuli ikizunguka, halafu ngoma zinakatika ghafla na wote wanasimama, mguu mmoja juu, mpaka zumari iwape ruhusa ya kuushusha. Watoto walicheka. Wazee waliulizana hii ni ngoma gani ya kusimama. Mimi ningeipenda, lakini nilikuwa na kazi.

Nilikuwa nimemketisha mdogo wangu kwenye jamvi mbele ya nyumba yetu, iliyopakana na uwanja, miguu kaikunja chini ya kanga, nami nipo ubavuni. Mpiga zumari alikuwa kijana mrefu, mashavu yamemvimba kwa pumzi, na hakuwatazama wachezaji wake hata kidogo. Alitazama jamvi letu. Tena alikuwapo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akiwaamrisha wenziwe, lakini yeye hachezi. Alizunguka pembezoni mwa watu mpaka akafika kwetu. Tukamwamkia, akaitikia, akaketi.

"Mwanangu," alisema, macho kwa mdogo wangu, "nipa maji ninywe. Jua la huku kali."

Nikajua nimeupata mzizi wa ngoma ya bure. Nilihisi mdogo wangu anajikusanya ainuke. Nikamshika goti, nikalikandamiza, nikainuka mimi, nikaleta kata ya maji. Mama yule akanywa. Baada ya kitambo akaomba tena. Nikalishika goti tena, nikaenda tena. Mara ya tatu alinitazama sana kabla ya kuipokea ile kata, akanywa yote polepole, na niliona dhahiri anajilazimisha. Nilifurahi. Nilijisemea moyoni, kunywa bibi, kisima chetu hakikauki.

Ngoma ikaisha kabla ya magharibi, wakaondoka bila kuchukua hata nazi. Vijana wetu walitoka kichakani wameumwa na mbu tu.

Siku ya kumi wakaja wazee wawili kutoka Gando kumposea mpiga zumari. Baba aliniita barazani, anacheka peke yake. Walimtaka yule aliyeleta maji.

Niliuliza sababu, nami sikuuliza kwa adabu. Mzee mmoja akanieleza taratibu. "Kijana alimwona mdogo wako Chake, alipokwenda kwa daktari. Kamwona anachechemea, kampenda vivyo hivyo. Mama yake akasema, nami nimwone, lakini sitaki kumtia aibu mtoto wa watu mlangoni kwao. Ndo kaja na ngoma. Mara tatu kaomba maji, mara tatu ukainuka weye. Tukafahamu kuwa yule hamumtoi, mwakutoa weye."

Nikasema mimi siolewi, wamchukue mdogo wangu. Wazee wakatazamana. Sasa wao ndio walioshuku: nyumba imemficha binti mara tatu, leo inamsukuma, basi ana nini zaidi ya mguu? Wakaaga vizuri sana. Msimu wa karafuu uliofuata tulisikia kijana kaoa Wete.

Jioni ya siku ile waliyokuja wazee, nilimfuata mdogo wangu jikoni, nikamweleza yote. Alikuwa akikuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Nlijua," alisema. "Alinambia nliporudi tena Chake kwa daktari, kuwa mama yake atakuja na ngoma."

"Mbona mie hukunambia?"

"Ungeniamini?"

Nikachutama kando yake.

"Nalitaka kuinuka, dada. Mara zote tatu. Weye ukanishika goti."

Hajalisema tena jambo lile hadi leo, na hakuolewa. Lakini tangu siku ile, mgeni yeyote akiomba maji nyumbani kwetu, huinuka yeye. Huvuka ua mzima bila haraka, anachechemea, kata mkononi, maji yakimwagika kidogo kwa kila hatua, nami hukaa jamvini, mikono nimeipakata.