Mlio wa Chini ya Gari

Fundi yule wa Nyakanazi hawezi kufanya kazi kimya, ndugu zangu. Akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana, kila mara huuliza, “Bosi, upo?” Ukichelewa kujibu “Nipo, fundi,” spana inanyamaza. Wateja wake ni wapita njia. Humwachia gari wakaenda kula, wakirudi wanawasha na kuondoka. Siku hiyo alinifungia stabilaiza mpya, chuma kinene cha kuzuia Subaru yangu isilale kwenye kona. Egzosi yangu nayo, bomba la moshi, nimeiweka kubwa, hivyo kati yake na chuma ikabaki nafasi ya kidole. Kidole chenyewe alikipitisha humo taratibu, kama anayempangusa mtoto machozi.

“Linanguruma kama linadai chakula!” alicheka nilipowasha. “Twende, nisikie kama vinagongana.” Tukashika barabara ya Biharamulo, tukapita kila tuta. Kimya. Njiani alinisimulia mahindi yake, jirani aliyehama, redio iliyokufa. Tulipokaribia gereji akanyanyua mkono. “Umesikia? Kuna kitu kimegonga. Turudie.” Tukarudia, hakuna kilichogonga. Nikasimamisha gari mbele ya gereji. Akatazama benchi tupu pale mlangoni, akashika kitasa cha gari, lakini hakukivuta.

“Fundi,” nikasema, “hata mimi sasa nimekisikia.”

Nikageuza gari.